Sheria Inasema Nini? Kanuni za Kusoma na Kutafsiri Sheria

(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa Haki na Amani, Igogo, Mwanza)



Tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mawakili. Yapo maneno mawili ambayo kila mmoja wetu amewahi kuambiwa: "Sheria inasema." Mjane huambiwa hivyo katika kikao cha ukoo, matanga yakiwa yamekwisha. Mwenye nyumba ya mlimani, kule kati ya mawe, huambiwa hivyo anapoletewa notisi. Mama mwenye kuanika dagaa ufukoni naye huambiwa hivyo. Mara nyingi anayeyatamka maneno hayo hana kitabu mkononi, na aliye nacho husoma mstari mmoja tu kisha akakifunga.

Nataka tuelewane tangu mwanzo. Kifungu cha sheria hakijisomi chenyewe. Husomwa na mtu, awe karani, afisa wa kata, hakimu au jaji, na mtu huyo hayuko huru kukisoma apendavyo. Ziko kanuni zinazomfunga. Kanuni hizo si siri ya watu wenye majoho, na katika nchi yetu nyingine zimeandikwa wazi katika sheria iliyopewa nafasi ya kwanza kabisa katika orodha ya sheria zetu, yaani Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, iliyotungwa na Bunge mwaka 1996 ikiwa ni Sheria Na. 4 ya mwaka huo. Nyingine tulizirithi kutoka kwa Waingereza, ambao tarehe 22 Julai 1920 waliifanya kuwa siku ya kuanzia kwa sheria zao katika Tanganyika. Nyingine ziliwekwa na majaji wetu wenyewe, na moja ya zile zenye uzito zaidi ilitolewa hapa hapa Mwanza. Nitaifikia.

Neno la tahadhari juu ya namba. Namba za vifungu nitakazozitaja ni za sheria kama zilivyotungwa. Tangu tarehe 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la mwaka 2023, na katika toleo hilo huenda namba zikawa zimesogea. Anayekwenda ofisini na ahakikishe kwanza.

MANENO YENYEWE

Kanuni ya kwanza ni nyepesi kuitaja: soma maneno yaliyoandikwa, uyape maana yake ya kawaida. Ikiwa maneno ni wazi, jaji hana ruhusa ya kuyaacha kwa sababu tu hayapendi. Bunge ndilo litungalo sheria, naye jaji huzitafsiri.

Lakini hata maneno ya kawaida yatupasa kuyachunguza. Kwanza tazama mwanzoni mwa sheria, penye kifungu cha ufafanuzi, kwa kuwa sheria nyingi huyapa maneno yake maana maalumu. Neno lililofafanuliwa pale haliwi tena lile la mitaani. Kisha nenda Sura ya 1. Humo imeelezwa kwamba maneno yenye kumtaja mwanamume humhusu na mwanamke, na kwamba umoja hujumuisha wingi, isipokuwa pale ambapo muktadha unaonyesha vinginevyo. (Kiswahili kimetuepusha na taabu ya kwanza, maana "yeye" wetu hana jinsia. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ndizo zilizohitaji dawa hiyo.) Imeelezwa pia namna ya kuhesabu siku: muda unapohesabiwa tangu siku fulani, siku hiyo haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, jambo laweza kufanywa siku ya kazi inayofuata. Nimewaona watu wakikata tamaa kwa kudhani siku zao za kukata rufani zimekwisha, kumbe walihesabu vibaya kwa siku moja au mbili. Basi hesabuni kwa uangalifu, na msingoje siku ya mwisho.

Kifungu cha 53 cha sheria hiyo hiyo chapasa kujulikana na kila mjumbe wa kamati. Hutenganisha maneno mawili ya Kiingereza: lile linalompa kiongozi hiari na lile linalomwekea wajibu. Penye hiari, mwenye mamlaka aweza kutenda au asitende. Penye wajibu, kazi hiyo lazima itendwe. Tofauti hii ndiyo roho ya malalamiko mengi ya wananchi. Ofisi ikikwambia "tutaona", uliza kama sheria inasema ofisi hiyo aweza au lazima. Hata hivyo Mahakama ya Rufani iliwahi kuamua, katika shauri la jinai, kwamba hata neno la wajibu halisomwi peke yake: katika mwenendo wa mashtaka husomwa pamoja na kifungu kinachouliza iwapo kasoro iliyotokea ilisababisha haki kupotea.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sura ya 1 ili lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, jambo ambalo wengi tulilingoja kwa miaka mingi. Lakini angalieni: tukiandika "mwenye kiwanja atalipa ada", je, tunatabiri au tunaamuru? Kiswahili cha kila siku hutumia "-ta-" kwa mambo yote mawili. Kwa maoni yangu waandishi wa sheria wangefanya vema wakishika "atapaswa" na "anaweza" bila kuyumba, la sivyo ugomvi ule ule wa Kiingereza utahamia kwetu ukiwa umevaa kanzu. Katiba yetu ya mwaka 1977 ni mfano mzuri wa kuigwa, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili na mwananchi aweza kuisoma bila mkalimani.

NENO NA JIRANI ZAKE

Neno hujulikana kwa jirani zake. Tuseme sheria ndogo ya soko inakataza kuegesha "mikokoteni, baiskeli, pikipiki na vyombo vingine" njiani. Katika Kiswahili sufuria ni chombo, na mtumbwi ni chombo. Je, mama aliyeweka sufuria ya uji kando ya njia amevunja sheria hiyo? La hasha. Maneno "vyombo vingine" yamefuata orodha ya vyombo vya kusafiria vya nchi kavu, nayo hubeba sura ya waliotangulia. Huenda uji wake ukakatazwa na kifungu kingine, basi na wamwonyeshe kifungu hicho.

Vivyo hivyo kifungu ni jirani wa vifungu vingine, na sheria ni jirani wa sheria nyingine. Mfano mgumu kuliko yote uko katika ardhi. Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria mbili pamoja, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, nazo zote zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Zote mbili zilifafanua maneno "ardhi ya jumla". Ya kwanza ilisema ni ardhi yote ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha ikaongeza: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili haikuongeza maneno hayo. Mapacha wawili, waliozaliwa siku moja, wakapishana kauli juu ya jambo zito namna hii! Kwa mkulima wa Magu au Misungwi anayepumzisha shamba lake, au kijiji kilichoacha nyika kwa malisho, nyongeza hiyo ndiyo yenye kuamua kama ardhi ile iko mikononi mwa kijiji au mikononi mwa Kamishna.

Tufanyeje sheria zinapogongana? Kanuni moja husema sheria mahususi huitangulia ile ya jumla, na kwa kanuni hiyo Sheria ya Vijiji ingetangulia katika mambo ya vijiji. Kanuni nyingine husema tazama kama Bunge lenyewe limetaja ipi itangulie, na Sheria Na. 4 ilikuwa na kifungu, cha 181, kilichoipa nguvu juu ya sheria nyingine za ardhi. Mnaona basi kwamba kanuni zenyewe zaweza kuvutana. Mimi naegemea upande wa kijiji, kwa kuwa ardhi iliyopumzishwa si ardhi isiyotumika, na kwa kuwa maneno yenye kumnyang'anya mtu mali yake husomwa kwa ufinyu. Lakini siwezi kuwadanganya kwamba maandishi yako wazi.

MITA SITINI ZA UFUKO

Turudi nyumbani. Igogo yetu imebanwa kati ya mlima na ziwa. Walio juu wana maswali ya mawe na hati, na walio chini wana swali la mita 60.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, kilikataza ndani ya mita 60 shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya fuko za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa. Kwa masikio ya haraka tunasikia: "hakuna kitu ndani ya mita 60". Lakini sicho kilichoandikwa. Kuna shughuli za namna mbili, zilizounganishwa kwa neno "au". Nyumba ya matofali ni ya kudumu, haina ubishi. Mkeka wa dagaa unaokunjwa jioni si wa kudumu. Kwa hiyo anayetaka kumwondoa mama mwenye mkeka hana budi kuonyesha namna ya pili, yaani kwamba kazi hiyo kwa asili yake yaweza kudhuru ufuko. Pengine ataweza kuonyesha, pengine hataweza. Mzigo ni wake, wala haumhusu mama kuthibitisha kwamba hana hatia.

Swali la pili ni gumu zaidi: mita 60 kutoka wapi? Ziwa letu halikai mahali pamoja. Mwaka 2006 maji yalishuka mno, na walio wazima wanakumbuka mitumbwi ikivutwa matopeni. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaupita kidogo mwinuko wa mwaka 1964 ambao wazee walikuwa wakiusimulia. Kati ya vipindi hivyo viwili maji yalipanda karibu mita tatu kwenda juu, na penye ufuko wa mteremko mdogo hizo ni hatua nyingi sana kwenda mbele. Nyumba iliyokuwa mbali ya kamba ya mpimaji mwaka 2006 ilijikuta ndani yake mwaka 2020 bila kusogea hata inchi moja.

Hapa maneno peke yake hayatoshi. Yatubidi tuulize sheria ilikusudia nini. Ilikusudia kulinda ufuko, na ufuko hudhurika zaidi maji yanapojaa, hivyo mtu wa mazingira atasema tupime kutoka pale maji yanapofika kwa kawaida yakijaa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kanuni nyingine husimama mbele yake: sheria haitazami nyuma isipokuwa imesema hivyo waziwazi, na haki ya mtu aliyejenga kabla ya mwaka 2004 haifutwi kimya kimya. Tena Katiba, ibara ya 24, inamlinda mwenye mali asinyang'anywe bila fidia inayostahili. Mwaka 1994, katika shauri lililotoka mkoa wa Arusha, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba hata haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Mnapopewa notisi ya mita 60, basi, ulizeni maswali matatu kwa adabu na kwa maandishi: imepimwa kutoka wapi, imepimwa lini, na nyumba ilikuwapo tangu lini.

KUSUDI LA SHERIA

Nimetaja kusudi. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1584 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Heydon, ilisema msomaji ajiulize: sheria ilikuwaje kabla, ni ubaya gani haukuponywa, Bunge limeleta dawa gani, na kwa sababu ipi. Kisha aisome sheria kwa namna itakayokomesha ubaya ule.

Kwetu dawa hiyo ilitumika vema mwaka 1983. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, iliipa mahakama uwezo wa kugawanya mali ambayo wanandoa waliipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Je, mwanamke aliyepika, aliyefua, aliyelea watoto na kumwuguza mume, pasipo kuleta mshahara, amechangia juhudi? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kazi ya nyumbani ni wajibu wa mke tu, wala haizai nyumba. Wengine walikataa. Ndipo shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu likafika Mahakama ya Rufani.

Jaji Mkuu Nyalali hakutafuta neno "juhudi" katika kamusi akaishia hapo. Alitazama ubaya uliokuwapo kabla ya mwaka 1971, jinsi wake walivyofanyishwa kazi miaka mingi na kuondoka mikono mitupu, akaona kwamba sheria ililetwa kuukomesha. Alitazama pia maneno jirani, kwa kuwa kifungu hicho chenyewe kilitaja mchango wa fedha, mali au kazi. Ustawi wa familia, mahakama ilisema, ni sehemu ya uchumi wa familia, na anayeutunza huchangia upatikanaji wa mali. Tangu siku hiyo hoja ya kwamba "mke hakuleta senti" ilipoteza nguvu mahakamani.

Wengi hawajui mwisho wa shauri lile. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzishia biashara ya familia, naye akazitumia vibaya, hivyo mchango wake ukahesabiwa kuwa umekwisha kufidiwa. Alishindwa yeye, kanuni yake ikashinda, na maelfu ya wanawake wamepita katika mlango alioufungua. Nayataja haya ili tusiwape watu matumaini ya uongo: kanuni nzuri ya tafsiri haifuti ukweli wa shauri lako.

KATIBA, NA SHAURI LA MWANZA

Sasa nafika pale nilipotaka tukae kidogo.

Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria Na. 16, iliyokuwa na kifungu kidogo, cha 5, ambacho kwa maoni yangu ndiyo kanuni ya tafsiri yenye nguvu kuliko zote tulizowahi kupewa na Bunge. Kiliziagiza mahakama zisome sheria zote zilizokuwapo tangu zamani kwa marekebisho na masahihisho yoyote yanayohitajika ili zipatane na Katiba. Angalieni uzito wake: jaji haambiwi angoje Bunge lirekebishe. Aisome sheria ya zamani kana kwamba imekwisha kurekebishwa. Mahakama zilipewa miaka mitatu ya kungoja, hadi Machi 1988, kisha mlango ukawa wazi.

Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 1988, huko Muleba, mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na kwa maandishi alikuwa na haki: Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoziandika sheria za mila za urithi, lilisema katika kanuni ya 20 kwamba mwanamke aweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikayarudisha. Mpwa akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Hilo ndilo shauri linalojulikana kwa majina ya Ephrahim na Pastory, lililoamuliwa mwaka 1990.

Kanuni ya 20 haikuwa na utata wowote. Kwa kanuni ya maneno ya kawaida, mama yule alikuwa ameshindwa. Tena, ibara ya 13 ya Katiba, katika kufafanua maana ya kubagua, wakati huo ilikuwa na orodha ya kabila, dini, rangi, mahali mtu alipotokea na kadhalika, lakini haikutaja jinsia. Neno hilo liliongezwa mwaka 2000. Msomaji mwenye roho finyu angesema: orodha imekaa kimya, basi. Jaji hakusoma hivyo. Aliisoma Katiba nzima, pamoja na usawa wa binadamu wote uliotamkwa humo na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliiridhia, ukiwamo ule wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake tuliouridhia mwaka 1985.

Kisha akafanya jambo la busara ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Hakuifuta mila. Alitazama mila ilivyomtendea mwanamume: akiuza ardhi ya ukoo pasipo ridhaa ya ndugu, mauzo husimama, ila ndugu waweza kuikomboa kwa kurudisha bei. Akasema na kwa mwanamke iwe hivyo hivyo. Mauzo ya mama yakasimama, na mpwa akabaki na haki ile ile ambayo angekuwa nayo kama muuzaji angekuwa mjomba wake: alete shilingi 300,000 ikiwa aitaka ardhi. Mila ikabaki, ubaguzi ukatoka. Hiyo ndiyo maana ya kusoma kwa marekebisho.

Miaka tisa baadaye Bunge nalo lilifika huko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume, na Sheria ya Vijiji ikakana nguvu kanuni za mila zinazomnyima.

Laiti habari ingeishia hapo! Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, jirani zetu kabisa, walifungua shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Waume zao walikuwa wamefariki, na ndugu wa waume wakawatoa katika nyumba wakitegemea Tangazo lile lile la mwaka 1963, ambalo katika kanuni ya 27 linamnyima mjane fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kumwambia atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi. Lakini ikakataa kuzibatilisha, kwa hofu kwamba mila za makabila yote zingeanza kuvutwa mahakamani. Wajane wakakata rufani. Mwaka 2010 rufani yao ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka, kabla hata ya kusikilizwa hoja yenyewe. Ndipo suala likapelekwa mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona kwamba Tanzania ilivunja haki zao.

Tangazo ni moja. Katiba ni moja. Kifungu cha 5 cha Sheria Na. 16 ni kile kile. Mwaka 1990 Mwanza, mwanamke alibaki na haki yake, na mwaka 2006 Dar es Salaam, wajane wakatoka bila kitu. Siwezi kusema kwamba majaji wa 2006 hawakuijua sheria. Waliogopa matokeo, na hofu hiyo waliivika joho la kanuni. Kazi ya jaji kupima matokeo siikatai, ila katika mizani ile sikuona wapi waliwekwa wajane wenyewe.

Uamuzi wa wale wajane unashangaza zaidi kwa kuwa mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilikuwa imekwisha kuweka misingi. Katika shauri la Ndyanabo, lililotokana na uchaguzi wa mwaka 2000 jimbo la Nkenge kule Kagera, sheria ilimtaka anayepinga matokeo aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijapangiwa tarehe. Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake walisema Katiba ni chombo chenye uhai. Kwamba vifungu vyenye kutoa haki husomwa kwa upana na vile vyenye kuzibana kwa ufinyu. Kwamba sheria hudhaniwa kupatana na Katiba mpaka ithibitishwe vingine. Lakini anayetetea kizuizi cha haki ndiye mwenye mzigo wa kukihalalisha. Kifungu cha dhamana kikabatilishwa, kwa kuwa kilimfungia maskini mlango wa mahakama.

Neno moja fupi juu ya makosa ya jinai. Sheria yenye kumtia mtu gerezani husomwa kwa ufinyu kuliko zote, na shaka iliyobaki katika maneno humnufaisha mshtakiwa. Tena ibara ya 13 ya Katiba hairuhusu mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda.

Ndugu zangu, mjumbe wa kamati akiletewa shauri, asikimbilie kutoa hukumu. Aombe kwanza aonyeshwe sheria yenyewe, jina lake na mwaka wake, kisha kifungu kizima, si mstari mmoja. Asome kifungu cha ufafanuzi, na aulize kama sheria imebadilishwa tangu hapo. Ikiwa ni sheria ndogo ya halmashauri, aulize ilitangazwa lini katika Gazeti la Serikali na imetungwa chini ya sheria ipi mama, maana mtoto hawezi kumpita mama yake kwa mamlaka. Mambo yakizidi uwezo wa kamati, wapo wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, na msaada huo hautozwi fedha.

Mwenyekiti amenieleza kwamba baadhi yenu mmekuja na karatasi zenu: notisi, barua za ukoo na hati za mauzo. Tuzisome sasa, moja moja, tukianza na notisi zenye tarehe ya mwisho iliyo karibu. Mwenye miwani na amkopeshe jirani yake.